Pikapu ya Baba Ilipoanza Kutetemeka

Pikapu ya baba ilianza kutetemeka kipindi kile kile mdogo wangu alipoanza kunipigia simu kila asubuhi kuniuliza nimeamkaje. Nilidhani ni mapenzi ya ndugu. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza, yeye ananifuata, na baada ya baba kufariki tulibaki sisi wawili na mama tu. Simu yake niliipokea kwa furaha hata ikinikuta nina povu la sabuni usoni.

Mtetemo wenyewe niliusikia kwa mara ya kwanza nikitoka Simbo, anakoishi mama katikati ya michikichi yetu. Kazi yangu ni kuuza mafuta ya mawese. Nayachukua kwa mama na kwa majirani zake, nayapakia kwenye madumu nyuma ya pikapu, nayapeleka sokoni Mwanga. Siku hiyo nilikuwa nimeingiza gia ya tatu, gari limeanza kuchanganya, mara kiti kikaanza kunitikisa makalio kama nimekaa juu ya mashine ya kusaga. Usukani ulikuwa umetulia mikononi. Ni sakafu iliyokuwa inacheza, na kwenye kioo cha kuangalia nyuma barabara ya Simbo ilionekana kama barabara mbili. Nikapunguza mwendo, ikatulia. Nikaongeza, ikarudi.

Niliiambia ile pikapu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Lazima nieleze kwa nini niliogopa kiasi kile, maana gari kuukuu kutetemeka si habari. Siku ya arobaini ya baba, baada ya dua na baada ya watu kula, wazee wa ukoo waliuliza vitu vya marehemu vitakwendaje. Mama alikohoa kama mtu anayetaka kusema. Mimi sikungoja. Nilisimama mbele ya wazee wote nikasema gari la baba haliuzwi, nitalitunza mimi, na kama litauzwa basi ni siku litakaposhindwa kubeba mzigo. Wazee wakaitikia. Kwetu neno likishatamkwa kwenye arobaini limekwisha. Anayetaka kulivunja inabidi awaite wazee wale wale, achinje, ajieleze upya mbele yao, na watu huona bora waliache kama lilivyo. Nilijua hivyo niliposimama. Ndiyo maana nilisimama haraka.

Sina mazoea ya kwenda makaburini. Baba yangu nilikuwa namkuta ndani ya ile pikapu. Alinifundisha kuendesha nikiwa binti mdogo, na kabla ya kunifundisha kuendesha alinilaza chali chini ya gari, mimi upande huu, mdogo wangu upande ule, yeye katikati na spana, anatuonyesha kila kitu kinakwenda wapi. Watu walimcheka kwa kumlaza mtoto wa kike kwenye vumbi. Alisema vumbi halichagui. Nikishika kile kirungu cha gia kilicholainishwa na kiganja chake, nilikuwa sijafiwa. Kuuza gari lile kwangu ilikuwa ni kumzika mara ya pili, na sikuwa tayari.

Basi nililipeleka gereji pale Mwanga. Fundi alilizunguka, akalipiga teke tairi, akaniuliza baba mwenye gari yuko wapi. Nikamwambia mwenye gari ndiye anayezungumza naye. Akacheka, akaliendesha mpaka barabara ya chini na kurudi, akasema, "Mama, hii klachi. Klachi ikiisha gari linatetemeka hivi hivi."

Mdogo wangu naye alikuja, na ovaroli lake. Yeye anatengeneza injini za boti kule ufukweni Kibirizi, ana mikono ya baba kabisa, vidole vifupi vyenye nguvu. Aliliwasha, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Klachi, dada. Fundi amesema kweli."

Klachi ikabadilishwa. Gari likatetemeka vile vile. Moyoni nilijua tangu mwanzo kwamba haikuwa klachi, kwa sababu klachi mbovu hutetemesha gari pale unapoachia pedeli, ukishaiachia kabisa inatulia. Hili lilikuwa linatetemeka pedeli nimeiachia zamani. Lakini nilikuwa na watu wawili wanaoniambia jambo moja, mmoja wao ni ndugu yangu, na mimi ningekuwa nani.

Tukaendelea kutafuta. Jumapili baada ya Jumapili mdogo wangu alikuja nyumbani kwangu Buzebazeba, tukatandika boksi chini ya gari, tukaingia. Tulibadilisha matairi, ya mbele yakaenda nyuma na ya nyuma mbele. Mtetemo ukabaki pale pale. Tukaangalia ile mipira inayobeba injini, mimi nikiwa ndani nakanyaga breki na kuachia klachi kidogo kidogo, yeye amefungua boneti anaangalia kama injini inaruka. Haikuruka. Kila tukimaliza tulikula pamoja, ugali wa muhogo na migebuka ya ziwani niliyoikaanga mwenyewe, na yeye akifuta midomo alikuwa anasema maneno yale yale kwa upole.

"Dada, hili gari limekula chumvi nyingi. Si kila kitu kina dawa."

"Lina dawa."

"Mavuno ya chikichi yanakuja. Likishindwa kubeba, wewe mwenyewe ulisema nini mbele ya wazee?"

Nilimwambia ninakumbuka nilichosema. Alinishika bega. Nakumbuka lile bega lilivyopata joto, nikamshukuru Mungu kwamba katika dhiki yangu nina ndugu.

Siku moja kati ya hizo nilitaka kukagua shafti, lile bomba refu linalotoka kwenye giaboksi kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma. Nilikuwa nimeshaanza kusogea upande wa nyuma, tumbo juu. Akanizuia kwa mkono.

"Huko nimeshaangalia. Krosi zote nzima, hazichezi hata kidogo."

Krosi ni vile viungo vya shafti vinavyoifanya ijikunje gari likiruka kwenye mashimo, na zikilegea gari hutetemeka. Kweli zilikuwa nzima. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakunidanganya. Alinipa ukweli mdogo ili nisitafute mkubwa, mimi nikatoka chini ya gari nikijifuta mchanga kwenye nywele.

Mama naye kila nikifika Simbo aliniuliza, "Gari linaendeleaje?" Nikimwambia bado, alinipa pole. Alikuwa akinipa pole huku anaangalia pembeni, nikadhani anaficha machozi kwa ajili ya baba.

Mwishowe hasira ilinisaidia. Nilikuwa peke yangu kwenye barabara ya lami, mzigo nyuma, gari linanitikisa meno, nikasema leo ama zangu ama zake. Nikashika mwendo mmoja bila kuuongeza wala kuupunguza. Kwanza nikautembea kwa gia ya tatu, injini ikilalamika. Halafu nikauweka mwendo ule ule kwa gia ya nne, injini ikapoa. Mtetemo haukubadilika. Injini ilikuwa inazunguka polepole zaidi, lakini kiti kilinitikisa kwa kasi ile ile. Maana yake ugonjwa haukuwa kwenye injini, wala klachi, wala giaboksi. Ulikuwa nyuma ya hivyo vyote. Ulikuwa kule nilikozuiwa kwa mkono.

Hapo bado sikumshuku mtu. Nilifikiri tu kwamba mdogo wangu hakuangalia vizuri, nikapanga kumtania.

Nilifika nyumbani, nikashusha madumu, nikatandika boksi, nikaingia mwenyewe. Shafti ya pikapu ile ni vipande viwili. Kimoja kinaingia ndani ya kingine kwa meno. Baba alikuwa hapendi vumbi liingie kwenye yale meno, kwa hiyo alikuwa anaviringisha pale kipande cha tyubu ya baiskeli na kukifunga kwa ukanda mwembamba wa mpira, ncha yake akiipitisha chini ya mizunguko na kuivuta kwa kurudi nyuma, si mbele. Mafundi wengine wa mji huu hawafanyi hivyo. Wanaona ni ushamba. Wanaacha meno wazi, likija vumbi na lije.

Tyubu niliyoikuta pale ilikuwa mpya. Bado ina ule weusi wa dukani. Na ncha ya ukanda ilikuwa imevutwa kwa kurudi nyuma.

Nililala pale nikiiangalia. Tyubu ya baba ilikuwa imechoka, imepasuka, nilikuwa nimepanga kuibadilisha na sikuwahi. Nikaifungua ile mpya. Ndani kulikuwa na grisi safi, imepakwa vizuri mpaka mwisho wa meno, hakuna punje ya mchanga. Boliti za kiungo zilikuwa zimesuguliwa kutu na kukazwa sawasawa. Aliyefanya kazi ile aliifanya kwa heshima. Kisha nikaitafuta alama. Baba hakuwahi kufungua kitu bila kukichora kwanza mstari wa rangi nyeupe unaovuka kutoka kipande hiki kwenda kile, ili wakati wa kurudisha mstari ukutane na mwenzake. Mstari ulikuwepo. Nusu yake ilikuwa juu, inaniangalia. Nusu nyingine ilikuwa pembeni kabisa, ubavuni.

Shafti ya namna ile ina masikio mawili kila upande yanayoshika krosi, na masikio ya mbele na ya nyuma lazima yatazame upande mmoja. Haya yalikuwa yamepishana, ya mbele yamesimama, ya nyuma yamelala. Shafti iliyofungwa hivyo haitavunjika kesho, ila haiwezi kuzunguka kwa utulivu. Itatikisa gari mpaka mwenye gari akate tamaa.

Mtu aliyekosea kwa bahati mbaya asingeiona alama na kuipita. Na mwizi au adui asingepaka grisi. Ni watu wawili tu duniani wanaofunga tyubu kwa kurudi nyuma, na mmoja alikuwa amelala chali pale chini, tyubu mkononi. Aliliharibu gari lile kwa makusudi, na bado mkono wake ulikataa kuliacha bila grisi. Angekuwa fundi mchafu kidogo tu, nisingemjua kamwe.

Niliifungua shafti, nikaizungusha mpaka mstari ukakutana na mwenzake, nikaifunga. Kazi fupi. Niliwasha gari nikaenda Kibirizi, na njia nzima halikutetemeka.

Nilimkuta ameinama juu ya injini ya boti, pembeni yake wanawake wanageuza dagaa kwenye mchanga. Alinyanyua kichwa kabla sijafika. Alikuwa amelisikia gari, akajua.

"Umelifungua," alisema.

"Kwa nini?"

Aliangalia ziwa. Nilimwambia asiangalie ziwa, aniangalie mimi. Wale wanawake wakaacha dagaa.

"Dada, hapa kuna watu."

"Na waje karibu wasikie vizuri! Umelala na mimi chini ya lile gari. Umekula kwangu. Kila asubuhi unanipigia, dada umeamkaje, kumbe unapima nimekata tamaa kiasi gani. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Umepata mnunuzi?"

"Yupo mnunuzi. Lakini si mimi niliyeanza."

"Nani?"

Aliifuta spana iliyokuwa safi. "Kamuulize mama."

Nilimwambia akome kumsingizia mama. Nilimwambia na mengine. Hakujibu hata moja, na mdogo wangu si mtu wa kukaa kimya akisingiziwa, ndiyo maana nilipofika kwenye usukani sikugeuza kurudi nyumbani.

Nikaelekea Simbo. Gari lilikwenda vizuri ajabu, kama enzi za baba mwenyewe, injini inanguruma kwa chini na bodi yote imetulia. Siku nyingine ningeimba. Nilikuwa napanga maneno. Nilipanga kumwambia mama kwamba mwanaye amemsingizia, ili akasirike tukasirike pamoja.

Niliingia uwanjani, nikazima. Mama hakuwa barazani. Nikazunguka nyuma, nikamkuta anatoka jikoni na ndoo ya maji yanayofuka moshi, taulo begani, anaharakisha kuelekea bafuni kwa zile hatua zake za magoti mabovu. Aliponiona alisimama. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sijakiona tangu nikiwa mtoto, halafu kikatoka nikikiangalia.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Shikamoo mama. Ulidhani nani? Una mgeni?"

Aliitikia marahaba kwa sauti ndogo, akaiweka ndoo chini, akakaa kwenye kigoda. Hakuwa na mgeni. Nikamuuliza nilichokuja kumuuliza, wima, bila kukaa.

"Mama, ulijua kuhusu gari?"

"Ego," alisema. Mama akiwa na jambo zito hurudi kwenye Kiha. "Nilijua."

Nilishika ukuta wa jiko.

"Baba yako akirudi safari nilikuwa namsikia tangu kwenye kile kidaraja cha kalvati kule chini," alisema. "Naepua sufuria, namimina, akizima gari maji yako bafuni. Hakuwahi kuyangoja. Sasa amekufa, na wewe ukaendelea kuja na mlio ule ule. Nanyanyuka, mwana wanje, mwanangu. Mwili unanyanyuka wenyewe, mimi simo. Nikishafika hapa na ndoo ndipo nakumbuka. Kila ukija nafiwa naye upya."

"Ungeniambia!"

"Siku ya arobaini nilianza kusema. Ukasimama."

"Arobaini ilipita. Ulikuwa na siku zote hizi."

"Ulikuwa ukifika unazima gari unabaki ndani, umeshika usukani, unatabasamu peke yako. Nilikuwa nakuona dirishani. Ningekwambiaje?" Alivuta taulo begani akaikunja mapajani. "Nilimwambia mdogo wako aliondoe. Akasema dada hatakubali mpaka lishindwe lenyewe. Nikamwambia basi na lishindwe. Na lilipoanza kutetemeka nilipumzika. Likija linagongagonga nilikuwa nakaa nilipokaa. Najua si yeye, ni mwanangu anakuja na gari bovu."

"Ukawa unanipa pole."

"Pole ilikuwa ya kweli."

Nilimwonea huruma. Nasema wazi, nilimwonea huruma mpaka kifua kikauma. Lakini huruma haikuifukuza hasira, vilikaa pamoja, na kama ningelazimika kuchagua ningechagua hasira. Walikuwa wawili na mimi nilikuwa mmoja. Waliongea jikoni mle, wakakubaliana, wakagawana kazi, mmoja achukue spana na mwingine anipe pole. Mimi niliyekuwa nabeba mafuta yao sokoni nikawa mtu wa nje ambaye lazima azungukwe. Hata kama wangeniambia na nikakataa, nikapiga kelele, nikavunja vyombo, bado ningekuwa wa nyumba ile.

"Mwambie mwanao amlete huyo mnunuzi," nilisema. "Wazee nitawaita mimi mwenyewe."

Alisema nikae nile. Nikasema sina njaa. Alinyoosha mkono nikaupita, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mama yangu, nikazunguka mbele.

Nilipanda, nikaweka ufunguo, nikataka kuwasha. Mkono ukagoma. Nilijua yuko nyuma ya nyumba, amekaa karibu na ile ndoo, na masikio yake yako kwangu.

Uwanja wa mama umeinama kuelekea barabarani. Niliachia hendibreki, nikaliacha lishuke lenyewe, kimya, likipita michikichi mpaka njia kuu, na sikuwasha hapo pia. Likaendelea kushuka polepole mpaka likavuka kalvati. Upande wa pili ndipo nikawasha. Lilipokea mara moja, nikaingiza gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikilia kwa hasira njia nzima hadi Buzebazeba, maana lilikuwa linakwenda vizuri kabisa.